Kucha Mbili

"Umemhesabu mikia tu," mzee aliniambia bila kuinua macho. "Mikia hukatika, bwana mdogo. Mtazame miguuni."

Tulikuwa tumechuchumaa ukingoni mwa mto Zigi, chini ya milima ya Amani huko Usambara, na wavu, kibano, kioo cha kukuzia na sahani nyeupe ya plastiki, ya kawaida tu, ya kulia ubwabwa. Ndani ya maji yasiyofika hata kina cha kidole alitulia mdudu bapa wa kahawia, urefu wake kama punje ya mchele. Nilimwona mikia miwili nikatamka kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufaulu mtihani: plekoptera! Kitabu kilikuwa kimenifunza kwamba plekoptera ana mikia miwili, na efemera, jirani yake wa mtoni, kwa kawaida ana mitatu. Nikapewa kioo. Ncha ya kila mguu ilikuwa na ukucha mmoja, na ubavuni mwa tumbo matamvua yalikuwa yakipepea kama vijani vya mkwaju. Efemera huyo. Mkia wake wa tatu niliukuta baadaye umenasa kwenye wavu wangu.

Mzee akageuza jiwe. Kwa chini alikuwa amejibana mwingine, na alipoguswa hakuogelea. Alitambaa upande upande akitafuta kivuli. Huyu ndiye plekoptera: alikuwa na kucha mbili kila mguu. Tumboni hakuwa na kitu kinachopepea. Matamvua yake yalikuwa mashada ya nyuzi nyeupe yaliyochomoza kwapani, mahali ambapo nisingetazama maisha yangu yote. Juu ya kichwa, baina ya macho makubwa, palikuwa na vijicho viwili kama alama za sindano. Wengi wa ukoo wake wanavyo vitatu. Neoperla, anayekaa mito yetu, anavyo viwili. Nilimtazama mpaka shingo ikaniuma.

Jina plekoptera alilitoa Mjerumani Burmeister mwaka 1839, kwa Kigiriki, kwa maana ya mabawa yaliyosukwa. Mimi ningesema yamekunjwa. Mdudu huyu akishakua na kutoka majini, bawa la nyuma hulikunja kama kipepeo cha kupepea jiko, kisha hulifunika kwa la mbele, yote manne yakalala mgongoni. Hayo manne ndiyo yanayomtenga na nzi, ingawa Waingereza wamempa jina la nzi wa mawe. Wenyewe huku tuna yule wanayemwita nzi wa Nairobi, ambaye ni mbawakawa mtupu.

Nzi wa kweli ana mabawa mawili. Mbu anaingia hapo, na usubi, na chafuo, na mbung'o. Ukimwambia mtu kwamba mbu ni aina ya nzi atakucheka, lakini mtegee mbu kioo uone. Nyuma ya mabawa, pale ambapo wadudu wengine wana jozi ya pili, utakuta vijiti viwili vyenye vichwa, kama virungu vya mlinzi aliyezaliwa mdogo kupita kiasi. Vinatikisika wakati wa kuruka na kumjulisha nzi kila mwili unapoinama au kupinda. Yalikuwa mabawa zamani. Na mtoto wake ni buu asiye na miguu yenye viungo, ilhali mtoto wa plekoptera ni tunutu, kama wa nzige, mwenye miguu sita tangu utotoni. Kwa hiyo mtoni swali la kwanza ni rahisi: una miguu? Halafu mambo yanakuwa magumu. Kuna mabuu ya usubi huko huko Usambara yanayokua yamejishika kwenye gamba la kaa, na asiyemkamata kaa anaweza kuapa kwamba mto hauna usubi.

Nilipoanza kazi hii ya kutambua wadudu nilidhani ufundi ni kujua majina. Majina yapo vitabuni. Ufundi ni kujua sehemu ipi ya mdudu haitakudanganya hata akifika mezani amevunjika, amepauka, amekaa kwenye spiriti miaka mitatu. Mbung'o anafundisha hili vizuri. Akiwa hai na ametulia utamjua kwa mabawa yanayolaliana kama makali ya mkasi uliofungwa, na mrija wa kinywa unaotazama mbele. Akifa mkasi unafunguka na mrija unavunjika. Lakini katikati ya bawa, mishipa imezungusha umbo la shoka, na miongoni mwa nzi wote ni mbung'o peke yake mwenye shoka hilo. Kipande cha bawa kinatosha.

Unguja ilikuwa na aina moja tu ya mbung'o, Glossina austeni. Madume walilelewa Tanga, wakafanywa tasa kwa mionzi, wakamwagwa kisiwani kutoka kwenye ndege, na mwaka 1997 ikatangazwa kuwa Unguja haina mbung'o tena. Sifa zilikwenda kwa ndege na mionzi. Lakini madume wale walikuwa wamepakwa rangi, na kila aliyenata kwenye mbao za buluu zenye gundi ilibidi mtu akae amkague: huyu ni wetu, au ni wa msituni? Ningependa kumwona mtu huyo macho yake yalivyokuwa jioni.

Nakiri nimeharibu mengi. Chupa nzima za mwaka wangu wa kwanza hazina maana, kwa kuwa vibandiko niliandika kwa kalamu ya wino, spiriti ikaunywa wino wote. Mzee aliandika kwa penseli. Hakunieleza sababu, aliniacha nijionee.

Kosa la mikia lilikuwa zito zaidi. Katika mizani ya kupimia mito iliyotengenezwa Afrika Kusini, ukoo wa Neoperla hupewa alama 12 na mabuu ya ukoo wa nzi wa nyumbani alama 1. Plekoptera hutaka maji baridi yenye hewa nyingi, hivyo anayemtaja mahali asipokuwepo anausafisha mto kwa mdomo. Na maji ya Zigi huteremka hadi bwawa la Mabayani, yakanywewa Tanga mjini.

Jua lilikuwa limeshapanda. Sahani ilikaa juu ya jiwe nami bado nahesabu kucha, mara Neoperla akaanza kuinua kiwiliwili na kukishusha, kuinua na kushusha, kama askari anayeadhibiwa uwanjani.

"Anafanya nini, mzee?"

"Hewa imemwishia. Anayasukuma maji yapite kwapani." Alikuwa ameshaichukua sahani, anaiinamisha taratibu kuelekea mtoni.

"Sijamaliza kumwangalia."

"Yeye amemaliza," akasema, akammwaga.