Kushinda Kadi ya Gari

Vibanda vya gemu vya Bilele, mjini Bukoba, vinaishi kwa mpira. Vijana wanapokezana pedi, wanazozana kuhusu penati, wanalipa, wanaondoka. Kijana ninayemwandika hapa huja jioni akiwa ametoka gereji, kucha bado zina grisi, na huomba mashine ya zamani ya pembeni ambayo hakuna anayeigombea: PlayStation 2. Memori kadi anakuja nayo mwenyewe, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni ili mvua ya Bukoba isiifikie. Ina megabaiti 8 tu, lakini ndimo magari yake yote yalimo.

Gemu anayocheza ni Need for Speed: Most Wanted, ile ya Novemba 2005 iliyotengenezwa na EA Black Box ya Kanada. Hadithi yake ni fupi. Katika mji wa kubuni uitwao Rockport, jamaa aitwaye Razor anakunyang'anya BMW M3 GTR kwa hila, kisha anapanda nayo hadi kileleni mwa orodha ya madereva 15. Wewe unaanzia chini. Kila dereva ana gari lake: Sonny, wa 15, ana Volkswagen Golf GTI, Taz ana Lexus IS 300, Vic, wa 13, ana Toyota Supra. Ukimshinda mmoja wao, unaweza kuondoka na kadi ya gari lake.

Kati ya magari manne ya kuanzia, fundi wetu alichagua Lexus. Watoto waliosimama nyuma yake waliliita Altezza, na hawakukosea. Japani gari hilo liliuzwa kama Toyota Altezza, na kwa jina hilo linajulikana barabarani kwetu. Wachezaji wengi hununua injini kwanza. Yeye alianza na tairi, akafuata breki, halafu springi na shokapu. Fedha zilipoongezeka akaweka giaboksi. Injini na turbo vilikuja baadaye, gari likiwa tayari limejua kusimama na kushika kona. Ni mpangilio wa mtu anayetengeneza pikipiki za boda kila siku na kuona zinavyorudi.

Kinachostahili kutazamwa ni kule kutyuni. Gemu inampa mistari saba ya kusogeza kushoto au kulia: usukani, ushikaji wa barabara, breki, kimo cha gari, mgandamizo wa hewa, nitro na turbo. Kila unapopata kitu unatoa kingine. Nitro ukiielekeza kwenye nguvu, inakwisha mapema. Ukiielekeza kwenye muda, inasukuma kwa upole. Turbo inaweza kuamka mapema, gari likitoka kwenye kona, au ikachelewa na kutoa nguvu zake juu kabisa. Hewa ikiligandamiza gari chini, kona inakuwa salama, ila kwenye barabara ndefu mwendo unapungua.

Anasogeza mstari mmoja tu, kidogo. Anatoka, anaendesha njia ileile, hapiti pengine. Anafika kwenye kona ileile, anafunga breki mahali palepale, na macho yake hayapo kwenye kipimo cha mwendo. Yapo kwenye pua ya gari. Ikichelewa kuingia, anarudi na kugusa ushikaji wa barabara. Mkia ukiteleza, anapunguza alichoongeza. Kisha njia ileile tena. Ni kama mtu anayegeuza kahawa kwenye mkeka: anagusa, anaacha, anarudi baadaye.

"Kaka, si uweke nitro yote kwenye nguvu?" mtoto mmoja wa shule alimuuliza.

"Subiri, mdogo wangu. Kwanza lipinde."

Alipoona gari linapinda anavyotaka ndipo alipogusa turbo, akaivuta upande wa kuamka mapema, kwa sababu njia aliyokuwa akijipimia ina kona nyingi. Kwa mashindano ya mstari mnyoofu anabadilisha. Huko usukani unahamisha njia tu, na ukigonga gari umekwisha. Kazi inabaki kwenye gia. Anaacha mshale wa mzunguko wa injini upande mpaka mahali pake, anabonyeza, anaacha tena. Kidole hakina haraka. Pembeni yake watu wanapiga kelele za goli, naye hata hageuki.

Mbele ya Vic hakufanya ajabu lolote. Alikaa nyuma ya Supra, akaiacha ikimbie penye unyoofu, akaipita kwenye kona kwa kuchelewa kufunga breki. Nitro aliitumia mwishoni, tena kwa mafungu mafupi.

Baada ya ushindi gemu inakuonyesha alama sita, uchague mbili. Tatu zinajulikana zina nini: vipuri vya pekee na mapambo. Tatu zimefichwa, na kwenye mojawapo ndimo kadi ilimo. Ukichukua moja iliyofichwa, una nafasi moja kati ya tatu. Ukichukua mbili, una mbili kati ya tatu, lakini umeachana na vipuri vya uhakika. Wapo wanaokosa kadi wakazima mashine kabla haijahifadhi, wakarudia. Yeye hufanya hesabu mapema: mbele ya Sonny alichukua vipuri, kwa kuwa Golf hakuihitaji. Kwa Vic alichukua mbili zilizofichwa. Ya pili ilikuwa na kadi ya Supra.

Hakushangilia. Alihifadhi kwanza, jambo la busara katika mkoa ambao kwa miaka mingi umetegemea umeme unaotoka Uganda na ambako taa hukatika bila kubisha hodi. Halafu akaipeleka Supra kwenye njia yake ya majaribio kama alivyoikuta, bila kugusa kitu. Alitaka kujua Vic alikuwa akiendesha nini. Gari lilikuwa na nguvu kuliko Lexus, na lilipinda vibaya zaidi. Ndipo akafungua ile mistari saba na kuanza na ushikaji wa barabara.

Wenye haraka humaliza gemu hii na gereji iliyojaa magari waliyoshinda ambayo hawajayaendesha hata mara moja. Kwa maoni yangu, huyu wa Bilele anaicheza vizuri kuwapita, ingawa bado ana madereva 12 mbele yake.