Nambari bila kizio ni kauli isiyotimia

Juma lililopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea sampuli ya kamusi ya kidijitali ya vipimo vya jadi vya Waswahili. Ameiunda kwa XML, ile lugha ya kupanga data ambayo huweka kila taarifa baina ya lebo mbili ili kompyuta itambue ni taarifa ya nini. Kazi safi, nikasema moyoni. Kisha nikafika kwenye kidahizo 'frasila'. Ndani ya lebo ya uzito mlikuwa na nambari tupu: 35.

"35 nini?" nikamuuliza.

"Kilo, Prof," akajibu bila kusita.

Lahaula! Frasila ni takriban ratili 35, yaani kama kilo 16 hivi. Kwa hesabu yake, mchukuzi wa karafuu angebebeshwa mzigo maradufu. Na kompyuta haikulalamika, kwa kuwa hakuna aliyeiagiza ilalamike.

Simlaumu kijana peke yake. Lawama nyingine naielekeza kwa skima, ile sarufi inayoamua hati ya XML iwe na nini na ikose nini. Kanuni za Skima ya XML zilizoidhinishwa na shirika la W3C mnamo 2001 zina aina za data za tarehe, za muda na za desimali. Hazina aina ya nambari inayoandamana na kizio chake cha kipimo. Mbunifu kaachiwa ajipange mwenyewe, na aghalabu hujipanga vibaya.

Wapo wanaoandika "ratili 35" kwa pamoja ndani ya lebo. Binadamu ataelewa, ila kompyuta itaona maneno tu na haitaweza kujumlisha. Wapo wanaotia kizio katika jina la lebo, mathalani uzitoKwaKilo. Hiyo si mbaya mradi kizio ni kimoja. Vikiwa vitano, lebo huzaana kama panya.

Njia ninayoipendelea ni ya tatu. Nambari ibaki ndani ya lebo, nacho kizio kiwe sifa ya lebo hiyo, mfano wa kivumishi kinavyoandamana na nomino. Skima iilazimishe sifa hiyo iwepo, tena itoe orodha ya vizio vinavyokubalika: wakia, ratili, kilo. Ndivyo inavyofanya GML, lugha ya XML ya data za kijiografia, ambamo kipimo kisichotaja kizio hakipiti.

Ila tahadhari! Usiiachie skima ijaze "kilo" yenyewe pale mwandishi aliposahau. Hapo usahaulifu hugeuka uongo, na hakuna atakayeugundua.

Ni kweli, skima isingemzuia mwanafunzi wangu kuandika "kilo". Lakini kosa lingekuwa peupe, nami ningeliona bila kuuliza.

Je, haya ni makeke ya wasomi tu? Hasha. Mnamo Septemba 1999 Marekani ilipoteza chombo cha angani, Mars Climate Orbiter, kilipofika sayari ya Mihiri. Programu moja ilitoa takwimu za msukumo kwa kizio cha paundi-sekunde, nyingine ikazipokea kana kwamba ni za nyutoni-sekunde. Paundi moja ya kani ni takriban nyutoni 4.45. Nambari zilifika salama. Kizio ndicho kilichopotelea njiani.

Hata hapa kwetu tangazo la ploti husema "50 kwa 100" basi. Sisi twajua ni futi. Anayedhani ni mita atatarajia ardhi inayozidi ile halisi zaidi ya mara kumi, na machozi yake yataanzia siku ya kupima mipaka.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kilikwisha kulitatua suala hili. Hatusemi "mbili kilo", twasema kilo mbili. Kizio hutangulia, nambari hufuata, na mara nyingi huvaa upatanisho wake: vibaba viwili, madebe mawili. Mtu akikwambia "viwili" na kunyamaza, utamuuliza: viwili vipi?

Basi wabunifu wa skima nao waifundishe kompyuta kuuliza swali hilohilo. Mwanafunzi wangu nimemrudishia kamusi yake. Nimemwambia asiilete tena hadi kila nambari iwe na mwenziwe.