Chupa 60 za Maharage: Kisanduku Kilichoniteka

Kiko mezani, kimefunguliwa, na siachi kukitazama! Ni kisanduku cheusi cha zipu, chenye kitambaa kigumu kwa nje, na ndani kuna chupa 60 ndogo za plastiki angavu zilizopangwa safu kwa safu, kila moja na kifuniko chake cha kuzungusha. Kilitengenezwa kwa ajili ya watu wa shanga na mapambo. Sisi wakusanyaji wa mbegu tumekinyakua, na nasema bila kusita: kwa mwenye mkusanyiko wa maharage, sijapata kushika kitu kinachokaribia uzuri huu.

Kwanza rangi. Jamani, rangi! Mbegu ulizozoea kuziona chini ya kopo la maziwa ya unga zinapata sura nyingine kabisa zikisimama bega kwa bega kwenye chupa angavu. Njano-Uyole pembeni ya Jesca ya zambarau. Selian 97, nyekundu iliyokolea, inang'aa utadhani imepakwa mafuta. Kablanketi ya Nyanda za Juu Kusini, ile inayogombewa sokoni Mbeya, nimeiweka katikati kabisa kwa sababu inastahili. Safu ya pili ni ya majirani zetu wa Kenya: Rosecoco, Mwitemania yenye madoa ya kahawia juu ya krimu, na Mwezi Moja. Wengi tunazijua kwa majina hayo ya sokoni tu, lakini zikikaa pamoja hivi unakumbuka kwamba zimezaliwa nyumba moja: ndizo GLP 2, GLP x92 na GLP 1004, kazi ya mradi wa mikunde wa Thika. Halafu chukua chupa ya ngwara, igeuze taratibu. Kila punje nyeusi ina mstari mweupe ukingoni, umeinuka kidogo, na ukipitisha ukucha unausikia. Kwenye kopo la jikoni nani angeuona?

Lakini kilichoniteka zaidi ni lile ganda jeusi la nje. Kila mpenda mbegu anaujua mvutano huu: ukitaka zionekane lazima uziweke mwangani, na mwanga ndio unaozizeesha. Maharage ya krimu yakikaa dirishani hugeuka kahawia, maana tanini iliyo kwenye ngozi ya punje hubadilika kwa hewa, joto na mwanga, na ikishabadilika hairudi. Hapa unafunga zipu, giza. Mgeni akifika unafungua, anaziona zote 60 kwa mpigo, anauliza majina, unafunga. Hamna tena kuchagua kati ya kuhifadhi na kuonyesha!

Sasa unyevu, maana hapo ndipo mkusanyiko hufa au kupona. Kanuni ya mtaalamu wa mbegu James Harrington wa Marekani ni rahisi mno: kila asilimia moja ya unyevu unayoipunguza ndani ya mbegu huongeza maisha yake takribani maradufu, na kila nyuzijoto 5 unazoshusha hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana hazina ya mbegu ya Svalbard kule Norwe, iliyofunguliwa mwaka 2008, hukaa kwenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Sisi wa mezani tunaanza na jeli ya silika, zile punje za kufyonza unyevu. Pakti moja ya ile inayobadilika rangi inaingia vizuri pembeni ya chupa: ikiwa ya chungwa bado ina nguvu, ikigeuka kijani imeshiba, unaikausha kwenye oveni na kuirudisha.

Kasoro ipo, na ni kubwa kiasi cha kutajwa. Vifuniko havina mpira wa kubana ndani, kwa hiyo hewa ya masika itapenya polepole. Mbegu yako ya kupanda usiikabidhi kwa chupa hizi. Iweke kwenye mitungi ya kioo yenye mpira, ndani ya friji. Humu weka sampuli. Chupa moja hubeba punje ishirini na kitu za maharage makubwa, na kwa kuonyesha zinatosha kabisa. Lebo za gundi zilizokuja nacho nazo ni dhaifu. Mimi naandika kwa penseli kwenye kikaratasi na kukitumbukiza ndani ya chupa: jina, kijiji ilikotoka, mwaka wa mavuno, aliyenipa. Wino hufifia, penseli inakaa.

Na tafadhali, kabla mbegu mpya haijaingia, ipite kwenye friza kwanza! Ikaushe vizuri, ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, iache humo wiki moja au zaidi, na ukiitoa usiifungue mpaka ipate joto sawa na la chumba. Fukusi wa maharage huingia akiwa yai juu ya punje, au kiluwiluwi ndani ya punje inayoonekana nzima. Ukiona kidirisha cha duara kwenye ngozi, cheupe na laini, jua anajiandaa kutoka, na akitoka jirani zake wote watabunguliwa.

Kwa zile chache unazozipenda kupita kiasi, ongeza vikopo vya wauza vito, vile vyenye kifuniko cha kioo na sponji ndani, ambavyo hapa Arusha utaviona kwa kila muuza tanzanaiti. Punje moja ya njugumawe, jicho lake jeusi likiangalia juu, kwenye sponji nyeupe: ni johari! Sponji huishika isicheze, na kioo kinakuruhusu kuikagua kwa lenzi bila kuigusa.

Ukiwa na aina kumi tu, kinunue. Ukiwa na arobaini, nunua viwili, kimoja cha maharage na kingine cha kunde, choroko, mbaazi na fiwi, maana chupa zilizobaki zitajaa haraka kuliko unavyodhani. Zangu zilizo tupu zinasubiri maharage ya Kigoma na Kagera, na mwenye nayo tubadilishane, Kablanketi ninayo ya kutosha.