Mlumbi na Wosia: Tunampenda Mark Antony kwa Lipi?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, bila shaka mnajua ulumbi ni nini: ni uhodari wa kuitumia lugha kwa mvuto mbele ya hadhira. Tunaufunza kama kipera cha fasihi simulizi, tunataja sifa zake, kisha tunasonga mbele. Aghalabu hatuulizi mlumbi hufanya nini akishashuka jukwaani. Hebu tuliulize swali hilo katika tamthilia ya Shakespeare kuhusu Caesar, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri mwaka 1963, kisha akaitoa upya mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. (Kwamba mfasiri mwenyewe alikuwa rais aliyesifika kwa hotuba ni jambo linalostahili makala yake.)

Katika tendo la tatu, onyesho la pili, Brutus ndiye anayetangulia kuhutubia. Anatumia nathari na kueleza kwa nini Caesar aliuawa. Umati unamshangilia na kutaka yeye ndiye awe Caesar mpya. Kinaya kilichoje! Ameua kwa kuhofia ufalme, naye anatunukiwa ufalme. Watu wamempenda msemaji, hoja yenyewe imewapita.

Kisha anapanda Antony. Anadai hana ufasaha, na hapo ndipo ufasaha wake unapoanzia. Anamsifu Brutus kwa takriri hadi sifa inageuka kejeli. Anatumia maswali ya balagha. Anataja wosia wa Caesar kisha anakataa kuusoma, jambo linalozua taharuki. Analia. Anaomba ruhusa ashuke, asimame kati ya watu karibu na maiti. Analionyesha vazi lenye matundu, na kila tundu analitajia mwenye kisu. Mtahiniwa, simama hapo kidogo. Trebonius alikuwa amemvuta Antony kando kabla ya mauaji. Hakuona nani alichoma wapi! Hata hivyo, hakuna raia anayemwuliza amejuaje. Nakiri kwamba hata mimi niliisoma tamthilia hii kwa miaka mingi bila kumwuliza.

Hatimaye anausoma wosia: kila raia drakma 75, na bustani za Caesar ziwe za umma. Umati unatoka kwenda kuchoma nyumba. Katika onyesho linalofuata, wanamkuta mshairi Cinna na kumwua kwa sababu tu ana jina moja na mmoja wa wauaji.

Geuza ukurasa hadi tendo la nne. Antony ameketi na Octavius na Lepidus, wanatia alama majina ya watakaouawa, na Antony anakubali mwana wa dada yake awemo. Kisha anamtuma Lepidus alete ule wosia, ili watafute namna ya kupunguza fedha walizoachiwa raia. Ni wosia ule ule uliowatoa watu machozi. Hakuna hotuba hapa, wala tamathali. Sauti ni ya karani anayepiga hesabu.

Niliwahi kuigiza maonyesho haya na darasa la kidato cha tatu. Mvulana aliyeigiza Antony alishangiliwa hadi walimu wa darasa jirani wakaja kuchungulia. Nilipouliza nani kiongozi bora, karibu wote walisema Antony, kwa kuwa anasema vizuri na ana huruma. Tuliposoma tendo la nne, darasa lilinyamaza. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, kwani ile pesa walipewa?"

Swali lake lilinigusa pabaya. Nikiwa mwalimu kijana, nilimpenda mwanasiasa mmoja kwa tabasamu lake na kwa jinsi alivyowasalimu wazee kwa majina. Nilirudi kutoka mkutanoni sauti imenikauka kwa kushangilia. Mama akaniuliza ameahidi nini. Nikaanza kueleza jinsi alivyosema. Mama akarudia swali. Sikuwa na jibu, na kura nilimpa.

Sisemi kwamba ulumbi ni uongo. Huzuni ya Antony ni ya kweli. Akiwa peke yake na maiti, katika uzungumzi nafsi ambao hakuna raia wa kuusikia, anamlilia rafiki yake kwa uchungu mkubwa kuliko ule wa jukwaani. Hapa ndipo usawiri wa mhusika huyu unapokuwa mgumu, na ndipo majibu mengi ya watahiniwa yanapolegea: ama anaitwa mzalendo, ama mnafiki, basi. Mtu anaweza kumlilia Caesar kwa dhati na bado akaipunguza zawadi ya Caesar kwa maskini. Jibu lisilobeba yote mawili halijamfikia Antony.

Nasi walimu tuna lawama. Tunatoa alama kwa mwanafunzi aliyetambua takriri na balagha, tusimdai aeleze zilitumiwa kumfanyia nani nini. Anahitimu akijua kuzitaja mbinu ambazo kesho zitatumiwa kwake kwenye uwanja wa mikutano.

Jaribu swali hili darasani kabla ya kuwapa wanafunzi tendo la nne: "Orodhesha mambo ambayo Antony mwenyewe amewaahidi raia katika hotuba yake." Wape dakika kumi. Wengi wataandika drakma 75. Waulize ni za nani.