Lwamgasa au Rwamagasa? Herufi zinazoficha utafiti wa ukanda wa dhahabu

Mwaka 2005 jarida la Science of the Total Environment lilichapisha utafiti kuhusu zebaki katika machimbo ya wachimbaji wadogo ya Rwamagasa, wilayani Geita. Watafiti walipima maji, mashapo ya mito, udongo wa mashamba na samaki. Lakini kata ile kwenye nyaraka za serikali inaitwa Lwamgasa, na ndivyo linavyoandikwa jina la kituo cha mfano cha Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) kilichojengwa hapo kuwafundisha wachimbaji. Mwenyeji wa pale akisoma majina hayo mawili anajua ni mahali pamoja. Kompyuta haijui. Inalinganisha herufi tu, na herufi zikitofautiana, utafiti unabaki mafichoni.

Nimeanzia hapo kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu hazina za kidijitali za vyuo vikuu huishia kwenye seva, umeme na intaneti. Hayo yalikuwa vikwazo kweli, na kwa sehemu kubwa yamepata majibu. Programu za kuendeshea hazina hizo ni za bure: EPrints ilitoka Chuo Kikuu cha Southampton mwaka 2000, na DSpace ikatolewa mwaka 2002 na MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Leo Chuo Kikuu Huria kinaendesha hazina yake kwa EPrints, na Sokoine, Muhimbili na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vinatumia DSpace. Nyumba zimejengwa. Tatizo lililobaki ni namna vitu vinavyopangwa ndani.

Tasnifu ikikabidhiwa, mkutubi hupakia faili kisha hujaza rekodi yake, yaani metadata. Mfumo wa msingi unaotumika ni Dublin Core, wenye sehemu 15: kichwa, mwandishi, tarehe, mada, lugha, mahali panapohusika na nyinginezo. Rekodi hiyo ndiyo inayosafiri. Mitambo ya nje huja kuivuna kwa itifaki ya OAI-PMH na kuionyesha duniani kote, huku faili lenyewe likibaki chuoni. Kwa hiyo dakika kumi za mkutubi mbele ya fomu ile zina uzito kuliko seva. Sehemu ya mahali, ambayo kwa maoni yangu ndiyo muhimu kuliko zote kwa utafiti wa Kanda ya Ziwa, ni rahisi sana kuachwa tupu.

Tazama kilichotokea mwaka 2012. Mkoa wa Geita ulipoanzishwa, ulimegwa kutoka mikoa mitatu: Geita yenyewe ilitoka Mwanza, Chato ikatoka Kagera, na Bukombe pamoja na Mbogwe zikatoka Shinyanga. Mwaka huohuo Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga zikaingia Simiyu. Sasa chukua mfano wa tasnifu ya mwaka 2006 kuhusu machimbo ya Bukombe. Jalada lake linasema Mkoa wa Shinyanga, na lilisema kweli kwa wakati wake. Afisa mazingira wa Geita anayetafuta leo kwa jina la mkoa wake hataiona, na anayetafuta Shinyanga ataletewa wilaya ambayo haimo tena. Ongeza Nyarugusu: ipo ya dhahabu wilayani Geita, na ipo ya kambi ya wakimbizi huko Kasulu, Kigoma. Bila wilaya na mkoa kuandikwa, tafiti za zebaki na za wakimbizi zinachanganyika kwenye orodha moja.

Halafu kuna lugha. Sehemu kubwa ya tasnifu hizi huandikwa kwa Kiingereza. Mchimbaji anasema duara (shimo la kuchimbia), karasha (mashine ya kusaga mawe), mialo (sehemu ya kuoshea dhahabu), marudio (mabaki ya uchenjuaji), anasema zebaki. Rekodi ya Kiingereza kwa kawaida haina hata neno moja kati ya hayo. Tumemfuata mtu huyu, tumemhoji, tumechukua mkojo na nywele zake kupima, kisha matokeo tumeyaweka chini ya maneno asiyoyatumia. Hili linaniuma kuliko hitilafu yoyote ya mtambo.

Marekebisho yake hayahitaji fedha nyingi. DSpace inaruhusu kila ingizo katika rekodi kuwekewa alama ya lugha, kwa hiyo ikisiri ya Kiswahili inaweza kukaa kando ya ile ya Kiingereza bila kuvuruga chochote. Inaruhusu pia kutoa rekodi nyingi kwa pamoja katika jedwali la CSV. Mkutubi anaongeza mkoa wa zamani na wa sasa, tahajia zote mbili na maneno ya machimboni, kisha analirudisha jedwali kwenye mfumo. Asifute jina la zamani, kwa kuwa ndilo lililo kwenye jalada. Aanze na tasnifu zilizoandikwa kabla ya 2012.

Mambo mawili mengine nayataja kwa haraka. Tasnifu ya zamani iliyopigwa skani kama picha tupu haitafutiki ndani, hadi ipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi. Na anwani za kudumu: DSpace huja na namba ya mfano 123456789. Chuo kisiposajili namba yake, kikibadilisha anwani ya tovuti, viungo vyote vilivyonukuliwa vinaweza kukatika. Namba hiyo bado inaonekana kwenye hazina nyingi za Afrika.

Wanaoweza kusaidia wako karibu na machimbo: Shinyanga ina tawi la Kizumbi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu Huria ni walimu na watumishi wa umma wanaosoma huku wakifanya kazi katika wilaya zao. Wao ndio wanaojua kwamba Rwamagasa ni Lwamgasa, maana mkutubi aliyeko Dar es Salaam au Morogoro hawezi kulikisia hilo. Kama unaandika tasnifu kuhusu Geita, Kahama au Bukombe, andika kwenye ikisiri kijiji, kata, wilaya na mkoa, pamoja na jina la zamani kama lipo. Kisha mkabidhi mkutubi ikisiri hiyo kwa Kiswahili pia, hata kama chuo hakikukudai.