Jina la Kilwa katika Mapambo ya Monstransi ya Belém

Uhakiki huu unachambua Monstransi ya Belém, chombo cha dhahabu cha kuonyeshea hostia. Sonara Gil Vicente alikikamilisha mwaka 1506 kwa amri ya Mfalme Manuel I wa Ureno. Leo kimo katika Museu Nacional de Arte Antiga, Lisbon. Dhahabu yake ni kodi ambayo Amir Ibrahim wa Kilwa alilazimishwa na Vasco da Gama kuitoa mwaka 1502.

Usomaji wa kidini huanzia juu: Mungu Baba, njiwa wa Roho Mtakatifu, kisha Mitume Kumi na Wawili waliopiga magoti kuizunguka hostia. Kitako kimepambwa kwa ndege, maua na matunda ya enameli. Lakini kwenye fundo la shina, pale mkono wa padri unaposhika, yamepangwa matufe ya pete, nembo ya Manuel mwenyewe. Hostia haiinuliwi bila nembo hiyo kushikwa.

Kitako kimezungukwa na maandishi yasemayo kwamba mfalme aliamuru chombo kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Kuyachukulia kuwa maelezo ya malighafi tu ni kuyapunja. Nayo ni pambo, tena ndilo linalobeba mengine yote: Mitume wenyewe wamepiga magoti juu ya jina la Kilwa. Kodi imegeuzwa sadaka, ila shuruti haikufichwa, ilitakiwa ionekane.

Watu wa Kilwa wangeielewa lugha hii. Sarafu zao za shaba zilikuwa na jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yenye kina kimoja na jina hilo. Tofauti ni kwamba katika monstransi mlipaji hana jina. Ibrahim hatajwi, unatajwa mji, kana kwamba ni machimbo, ilhali dhahabu hiyo ilichimbwa bara, nyuma ya Sofala, na Kilwa ilikuwa mfanyabiashara wake.

Tena neno “kodi” humhitaji mtawala wa kulipa. Julai 1505, kabla chombo hakijakamilika, jeshi la Francisco de Almeida lilikwisha kuupora mji, Ibrahim akakimbia, na Wareno wakamtawaza mtu wao.