Baba na Wana wa Shaba

Katika kitabu Bana Shaba abandonnés par leur père (2001), Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anafuatilia jamaa za wafanyakazi wa migodi tangu 1910 hadi 1997. Nguvu yake ni kulichukua neno «baba» kwa uzito: kampuni iliyowaleta watu kutoka Kasai na kwingineko iliwapa nyumba, posho na shule, nayo ikadai utii. Baba alipodhoofika, na wanasiasa wakachochea, majirani waliulizana asili. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya Wakasai wakafukuzwa Katanga. Mambo hayo hayaonekani katika hesabu za tani. Ila twasikitika: yasimuliwayo kambini kwa Kiswahili yatufikia kwa Kifaransa, na wasimulizi wengi hawawezi kuyasoma wala kuyasahihisha.